Ini, wengu, kongosho na tumbo la chakula: ujifunzie kwenye mbuzi, nguruwe, kuku, plastiki au mwili wa mwenzako?

Wadogo zangu mnaosoma utabibu na unesi huku kwetu Mtwara na Lindi, hili swali mnaniuliza kila mnapofika kwenye anatomia ya tumbo la juu, kwamba hela ni ya mawazo, mda ndo huo hautoshi, afu pepa ipo karibu, sasa mtu achague nini, achangie modeli ya plastiki, aende machinjioni kutafuta viungo vya mbuzi au akomae tu na michoro ya kwenye simu. Nimeona niviweke vyote sehemu moja ili kila mtu asome aamue, ila msimamo wangu nausema mapema kabisa: kwa mwanafunzi wa huku asiye na hela nyingi, tafuta seti nzima ya mbuzi ambayo haijatenganishwa, ongeza kalamu na mwili wa mwenzako aliye hai. Vingine vyote vina kazi yake lakini ni vya kujazia.

Nasema seti nzima kwasababu ugumu wa hili eneo sio majina. Ini kila mtu analijua, nyongo kila mtu anaijua. Ugumu ni nani kamgusa nani, nani kalala nyuma ya nani, na mrija upi unaingia wapi. Kichwa cha kongosho kimekumbatiwa na duodeni, yani kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, mkia wake unakwenda mpaka kushoto kuugusa wengu, mbele yake kuna tumbo la chakula, nyuma yake aota, ule mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, imepita, na nyuma ya shingo yake hapohapo vena ya wengu (vena ni mshipa unaokusanya damu kutoka kwenye kiungo) inakutana na vena inayotoka kwenye utumbo inazaliwa vena porta, ambayo ndo inalipelekea ini karibu robo tatu ya damu yake yote, robo inayobaki inaletwa na ateri ya ini, mshipa unaoleta damu inayotoka moyoni. Sasa mtu anasoma ini Jumatatu, kongosho Jumatano, wengu wiki ijayo, akija kuulizwa kwanini mgonjwa mwenye uvimbe kwenye kichwa cha kongosho macho yanakuwa ya njano anakwama, wakati jibu zima ni kwamba mrija wa nyongo unapita hapohapo kwenye kichwa cha kongosho, ukibanwa nyongo inarudi nyuma. Kwahiyo mimi nikilinganisha vifaa vya kujifunzia naangalia kwanza kitu kimoja, je kinanionyesha viungo vikiwa vimeshikana, au kinanipa vipandevipande?

Tuanze na plastiki maana ndo wengi mnaikimbilia. Modeli ya plastiki ni nzuri kwa mpangilio, unaona ini lipo kulia limejazana chini ya kiwambo (ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo), tumbo la chakula kushoto, wengu umejificha nyuma kabisa kwenye mbavu, na ukiinua ini unauona mfuko wa nyongo chini yake. Haiozi, hainuki, unaweza kukaa nayo bwenini usiku. Tatizo lake ni kwamba kila kiungo kinachomoka peke yake kwa sumaku au kwa pini, yani imetengenezwa kwa kutenganisha, na ule utando wa peritoneamu unaofunga kila kitu na kingine haupo kabisa. Ukitoa ini kwenye modeli linatoka lote, hakuna mshipa unaokuzuia, hakuna mrija unaovutika. Na mirija ya nyongo imechorwa kwa rangi ya kijani juu ya plastiki, huwezi kuifuata ndani. Kama chuo chenu kinayo itumieni, ila kuchangishana hela ya kununua mpya kabla hamjafanya haya mengine sishauri.

Michoro na vidio za simu zinakula bando lakini kuna sehemu moja hazina mpinzani, nayo ni limfu, yale majimaji yanayotoka kwenye viungo na kurudi kwenye damu kupitia mirija na tezi zake. Limfu ya tumbo la chakula, ini, kongosho na wengu inakusanyika kwenye tezi zinazozunguka ule mshipa mfupi unaotoka kwenye aota na kugawanyika matawi matatu, moja la tumbo la chakula, moja la ini na moja la wengu, kutoka hapo inaingia kwenye mfuko wa limfu mbele ya uti wa mgongo, inapanda kifuani na kumwagikia kwenye vena ya shingo upande wa kushoto. Ndo maana mtu mwenye saratani ya tumbo la chakula anaweza kuja na tezi ngumu juu ya mfupa wa mtulinga wa kushoto, ile inayoitwa tezi ya Virchow kwa jina la daktari wa Ujerumani Rudolf Virchow. Njia yote hiyo kutoka tumboni mpaka shingoni huwezi kuiona kwenye ndoo ya viungo vya mbuzi maana kifua kishatengwa, na plastiki nyingi haina hata tezi moja. Hapo chukua mchoro, uchore tena kwa mkono wako kwenye daftari, yani usipige picha ya skrini ukaridhika.

Sasa mbuzi.

Ubaya wake nauanza mimi mwenyewe ili mtu asije akadanganyika. Mbuzi anacheua, ana matumbo manne, na lile la kwanza la majani ni kubwa limejaza upande wote wa kushoto na kulisukuma ini lote kulia. Binadamu tumbo lake ni moja, limelala kushoto kuelekea katikati, na tundu lake la bawabu, ule mlango wa kutokea kwenda duodeni, linaishia kulia kidogo tu ya mstari wa kati. Kwahiyo ukitaka kujifunza umbo la tumbo la chakula kwa mbuzi utaumia. Kilichobaki cha kukufaa ni tumbo la nne tu, ndo lenye tezi za asidi na pepsini kama letu, na ukipasua mwisho wake pale linapoungana na duodeni utauhisi kwa kidole ule msuli wa mviringo mgumu unaofungua na kufunga njia. Hayo matatu ya mwanzo wapelekee wapishi.

Ila ukishatoka kwenye tumbo la chakula, kwa kiasi kikubwa mbuzi anakufundisha vizuri kuliko kitu chochote unachoweza kukipata hapa Mtwara kwa hela yako. Chukua ini likiwa bado limeshikana na duodeni na kongosho. Ligeuze uone upande wa chini, pale katikati kuna lango ambapo vinaingia na kutoka vitu vitatu: vena porta, ateri ya ini, na mrija wa nyongo. Kwenye mwili wa mtu, ndani ya ule ukanda wa utando unaounganisha ini na duodeni, mrija wa nyongo unakaa mbele upande wa kulia, ateri mbele upande wa kushoto, vena porta nyuma yao. Ukisoma hii sentensi kitabuni inapotea baada ya siku mbili, lakini ukiishika ile kamba ya mirija mitatu kwa kidole gumba na cha shahada ukaihisi vena ilivyo laini na pana, ateri ilivyo nyembamba na ngumu ngumu, haipotei tena. Daktari wa upasuaji ini likivuja damu anabana hapohapo kwa vidole.

Afu fanya hivi, hii ndo sababu kubwa ya kumchagua mbuzi. Chukua mkasi, pasua duodeni kwa urefu upande ule usiogusa kongosho, suuza taratibu kwa maji, itandaze. Sasa bonyeza mfuko wa nyongo polepole kwa vidole viwili. Kwenye ukuta wa duodeni kuna kinundu ambacho dakika moja iliyopita hukukiona, kitatoa tone la kijani, ukiachia linakoma, ukibonyeza tena linakuja. Hapo nyongo imetoka mfukoni, imepita kwenye mrija wake mwembamba, imeingia mrija mkuu na kutokea kwenye utumbo mbele ya macho yako. Na uzuri zaidi ni kwamba kwa mbuzi na kondoo mrija wa kongosho unaingia ndani ya mrija wa nyongo kabla ya kufika kwenye utumbo, hii inakaribiana na sisi, maana kwa watu wengi mrija wa nyongo na mrija mkuu wa kongosho, ule aliouona Wirsung kule Padua mwaka 1642, vinakutana kwenye kichumba cha Vater na kutokea tundu moja linalobanwa na msuli wa Oddi. Ukiwa umeona lile tone, huhitaji kukariri kwanini kijiwe kimoja kikikwama pale mwisho kinaweza kumletea mtu manjano na hapohapo kongosho likavimba. Tundu ni moja, likizibwa wote wawili wamezibiwa.

Kongosho la mbuzi ukilitazama mwanzo unaweza kulitupa ukidhani ni mafuta, rangi yake ni ya krimu yenye upinki kidogo na lina vinundunundu, mafuta yenyewe ni meupe na yanateleza. Lishike, lina ugumu fulani na vinundu vyake vinahisika. Wengi mkienda kununua hamlipati kwasababu mchinjaji keshalikata pamoja na mafuta, ndo maana nasisitiza seti.

Nguruwe je? Kwenye tumbo la chakula anamshinda mbuzi bila ubishi, tumbo lake ni moja, lina sehemu zote, mlango wa umio, paa lake, mwili na bawabu, mikunjo ya ndani unaiona, ila lina kijifuko cha ziada pale juu na kinundu kwenye bawabu ambavyo sisi hatuna, usije ukaviandika kwenye pepa. Ini lake limepasuka mapande kwa mipasuo mirefu, letu halijapasuka hivyo, letu kwa nje unaona pande kubwa la kulia na la kushoto na mengine mawili madogo chini, na mgawanyo wa vipande 8 aliouweka Mfaransa Claude Couinaud mwaka 1957 unafuata mishipa ya ndani, kwa nje huuoni. Jambo moja ambalo ini la nguruwe linalo na hakuna mwingine hapa anayelifikia: vile vijumba vidogo vidogo vyenye pembe sita ambavyo kitabu cha histolojia kinaviita lobuli, kwa nguruwe vimezungushiwa utando mzito kiasi kwamba unaviona kwa macho bila darubini. Wengu wake ni mrefu mwembamba kama ulimi, hapo hakusaidii. Na mrija wake wa kongosho unaingia kwenye utumbo mbali na wa nyongo, kwahiyo lile jaribio la tone halitakupa picha ya binadamu kabisa.

Afu kuna suala la watu. Huku kwetu darasa moja lina Waislamu wengi tu na haifai kumlazimisha mtu ashike nguruwe kisa anatomia, wala kuleta nguruwe kwenye beseni ambalo wenzenu watatumia kesho. Wale wa Masasi na Ndanda kumpata sio kazi, wakakubaliana wenyewe. Kwa kundi lenye mchanganyiko, kama mnataka tumbo moja, chukueni sungura, tumbo lake ni moja na mfuko wa nyongo anao, tatizo lake kongosho limetawanyika kwenye utando kama halipo, msipoteze mda kulitafuta.

Kuku ni rahisi, yupo kila mahali, na nashangaa watu wanamdharau. Tumbo lake halifanani na letu, ana tumbo dogo la tezi na firigisi, achana nalo. Ila fungua utumbo wake wa mwanzo, duodeni ya kuku inashuka na kupanda ikatengeneza kitanzi kirefu, na kongosho limelala katikati ya kitanzi, rangi ya krimu, limenyooka, huwezi kulikosa hata kama ndo mara yako ya kwanza kushika kisu. Kwa mtu ambaye haelewi kabisa maana ya kongosho kukumbatiwa na duodeni, kuku mmoja anamaliza. Mpishi akikuachia utumbo wa kuku kabla hajautupa, hata hela hutoi.

Kwenye limfu kuku anakuangusha na anakusaidia kwa wakati mmoja. Anakuangusha kwasababu kuku hana tezi za limfu kama zetu, wengu wake ni kadogo ka mviringo karibu na firigisi na basi. Anakusaidia kwasababu kuku mdogo, tuseme hawa wa kisasa wa wiki 5 au 6, ana kifuko juu ya njia ya haja kinachoitwa basa ya Fabricius, maelezo yake yalichapishwa 1621, na mwaka 1956 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba kuku aliyetolewa kile kifuko mapema hatengenezi kingamwili vizuri. Herufi B kwenye seli B, zile seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, imetoka hapo. Mtihani wa tumbo la juu la binadamu haukuulizi basa, lakini mtu akishaiona anaelewa kwamba viungo vya limfu ni viwanda na vituo vya kazi, haviko tumboni kujaza nafasi.

Nije kwenye wengu sasa maana hapa kusini ndo kiungo mtakachokutana nacho sana wodini, malaria ipo na watoto wanakuja na wengu umeshuka chini ya mbavu. Kwa mtu mzima mwenye afya wengu una uzito wa gramu 150 hivi mpaka 200, urefu sentimita 12 au pungufu, umekaa kushoto nyuma umefunikwa na mbavu. Wazee wa kitabu wana namba zao za kukariri na zinafanya kazi: inchi 1 unene, inchi 3 upana, inchi 5 urefu, aunsi 7 uzito, mbavu ya 9 mpaka ya 11. Sasa umbo lake hulipati kwa mnyama yeyote hapa, wa mbuzi ni bapa na umegandamana na tumbo la majani, wa ng'ombe ni mrefu. Umbo lipate kwenye plastiki. Lakini nyama ya ndani mbuzi na ng'ombe wanakupa bila shida. Kata wengu mbichi kwa kisu kikali mkato mmoja, usiukwaruze, tazama kwenye mwanga wa jua wa pembeni, utaona nyama nyekundu iliyoiva na ndani yake vidoti vyeupe vidogo vimetapakaa. Vile vidoti ni sehemu nyeupe, makundi ya limfosaiti (seli nyeupe za kinga), Malpighi alishavieleza tangu 1666, na ile nyekundu ndo inachuja seli nyekundu zilizozeeka na zile zenye vimelea. Ukiuweka mkato huo chini ya bomba na kuuminya minya, nyekundu inaoshwa inaondoka unabaki na nyuzinyuzi. Ukiona hivo utaelewa kwanini wengu ukipasuka damu haikamatiki kirahisi, na kwanini kuushona ni kazi ngumu.

Tezi za limfu zitafute kwenye utando wa utumbo na pale kwenye lango la ini la mbuzi, ni za kijivu au krimu, ngumu kiasi, ukizikata unaona ukingo na kiini vinatofautiana, mpangilio wake ni kama wetu. Za nguruwe zimegeuka, kilichopaswa kuwa nje kipo ndani, kwahiyo kwa tezi mbuzi ameshinda tena. Tahadhari moja, mbuzi na ng'ombe wana vitezi vidogo vyekundu vyeusi vimelala kando ya mishipa mikubwa, vimejaa damu, mtu anaweza kusema ameona wengu wa ziada. Sio wengu. Wengu wa ziada wa kweli upo kwa binadamu, karibu mtu 1 kati ya 10 anao, mara nyingi hapo mlangoni mwa wengu wenyewe au kwenye mkia wa kongosho.

Mwili wa mwenzako aliye hai ndo chaguo ambalo halina gharama na ndo linalosahaulika, wakati mgonjwa atakuja kwako akiwa amefunikwa ngozi. Mvulana na mvulana, msichana na msichana, mlango umefungwa, mwenye mwili amekubali mwenyewe, na kalamu ya kuoshwa. Mlaze chali. Pima kutoka kwenye kishimo cha shingo juu ya mfupa wa kifua mpaka kwenye mfupa wa kinena, gawa nusu, chora mstari wa kulala. Mstari huo unapita usawa wa pingili ya kwanza ya kiuno, na juu yake vimejipanga bawabu, shingo ya kongosho, mahali vena porta inapozaliwa, na kule kulia pale mstari unapokutana na ncha ya gegedu ya mbavu ya 9 ndo kitako cha mfuko wa nyongo. Mstari mmoja umekupa vitu vinne. Bonyeza hapo kulia umwambie avute pumzi ndani, kwa mtu mwenye mfuko wa nyongo uliovimba pumzi inakatika katikati kwa maumivu, kwa mwenzako mzima hakuna kitu. Chembe ya moyo pale juu katikati ukiibonyeza chini yake kuna pande la kushoto la ini na tumbo la chakula, na ndani zaidi kongosho, ndo maana mtu wa kongosho analalamika chembe ya moyo na mgongo kwa pamoja.

Kwa wengu, chora mbavu ya 10 ya kushoto kutoka nyuma kuja mbele, wengu umelala kufuata ubavu huo na kwa kawaida hauvuki mstari wa kati wa kwapa. Mwenzako mwenye afya hutaugusa, kawaida lazima ukue mara mbili hivi ndo utokeze. Unapokua unashuka kwa mshazari kuelekea nyonga ya kulia, kwahiyo mkono unaanza chini kulia unapanda kwenda kushoto juu. Ukianzia kushoto juu kwa mtoto mwenye wengu mkubwa sana utakuwa umeshauruka, mkono wako upo juu yake tayari na utaandika kwamba hakuna kitu. Nilivyowasimamia wadogo zangu hili naliona linajirudia kwa wale waliosomea kwenye mchoro peke yake, wanajua ulipo wengu wa kawaida ila hawajui unaelekea wapi. Na kuutofautisha na figo ya kushoto: wengu unashuka na pumzi waziwazi, una pengo kwenye ukingo wake wa ndani, vidole haviwezi kuingia kati yake na mbavu, na ukiugonga unatoa sauti nzito. Figo vidole vinapita juu yake, na mbele yake mara nyingi unasikia sauti ya hewa ya utumbo.

Hapo pia mkumbuke ajali za bodaboda, na vijana wanaoanguka kwenye minazi na miembe. Mtu kaumia ubavu wa kushoto chini, mbavu ya 9 mpaka ya 11, anasema bega la kushoto linauma wakati bega halijaguswa, huyo mfikirie wengu mpaka ithibitike vinginevyo, maana damu imekaa chini ya kiwambo na neva ya kiwambo inatokea shingoni.

Ukiwa kwenye zamu hospitali na mtaalamu wa altrasaundi ni mtu wa kuelewana naye, muombe usimame pembeni. Mfuko wa nyongo wa mtu ambaye hajala masaa 6 mpaka 8 unaonekana mweusi umejaa, aliyetoka kula chai na chapati umesinyaa hauonekani vizuri. Kongosho mara nyingi linafichwa na hewa ya tumbo, usikate tamaa ukalaumu macho. Na mwili wa maiti uliohifadhiwa kwa formalini, kwa wale watakaokwenda vyuo vikubwa kama Muhimbili, ndo kitu pekee chenye nafasi na ukubwa wa kweli kwa pamoja, rangi tu ndo zinapotea na ini linakuwa gumu, ila usikose kipindi hata kimoja.

Sasa kupata hiyo seti ya mbuzi. Ukienda buchani saa nne umechelewa, ini lipo peke yake limening'inia, nyongo ilishatupwa. Nenda machinjioni alfajiri, au subiri Idd ya kuchinja ambapo karibu kila mtaa kuna mtu anachinja, au sherehe za jando na unyago, na uongee na mchinjaji siku moja kabla. Mwambie, "Mjomba, naomba ini, nyongo, wengu na utumbo wa mwanzo vikae pamoja, usivitenganishe." Atakukatalia mwanzo, atasema nyongo ikipasuka ini linakuwa chungu nani atalinunua, na ana haki, kwahiyo mlipe ini lote kwa bei ya buchani, changeni watu wanne watano na mkubaliane kwamba haliliwi tena. Mkaguzi wa nyama atapasua sehemu ya ini kutafuta minyoo, mwache afanye kazi yake, bado lango la ini litabaki. Ini alilolikataa mkaguzi usilibebe hata ukipewa bure.

Vaeni glavu, ukiwa na kidonda mkononi usishike, kwa nguruwe hivyohivyo, na mnyama aliyekufa mwenyewe asiguswe kabisa kwasababu ya kimeta. Mkimaliza meza na visu vioshwe kwa sabuni kisha jiki, na mabaki yachimbiwe shimo refu mbali na kisima. Msiwape mbwa hata kidogo, mbwa akila ini au pafu lenye mfuko wa maji wa minyoo ya tegu anaambukizwa, na mayai yake yanarudi kwa watoto wanaocheza naye uani.